Athari ya mtafiti na namba ya jarida

Mshereheshaji wa mkutano mmoja wa kisayansi hapa Dodoma alimtambulisha mtafiti wa homoni na ubongo kwa kusema kwamba "athari yake ni 9.4", na ukumbi ukapiga makofi. Namba hiyo haikuwa ya mtafiti. Ilikuwa ya jarida lililochapisha makala yake moja. Kosa hili nimelisikia mara nyingi mno, hata katika maombi ya kupandishwa cheo, na limenisukuma kuandika.

Athari ya machapisho ya mtafiti ni kiasi ambacho kazi yake imebadilisha yale yanayofanywa na watafiti wenzake, matabibu na watunga sera. Kwa kuwa mabadiliko hayo ni magumu kupimwa moja kwa moja, watu huhesabu mara ambazo makala zake zimerejelewa na wengine. Kipimo maarufu ni kielezo-h, alichokipendekeza mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005: mwenye kielezo cha 20 ana makala 20 ambazo kila moja imerejelewa angalau mara 20.

Kigezo cha athari cha jarida ni kitu kingine kabisa. Kilibuniwa na Eugene Garfield, Mmarekani aliyebobea katika taarifa za kisayansi, na mwenzake Irving Sher ili kuwasaidia kuchagua majarida ya kuingizwa katika faharasa yao ya marejeleo. Jarida likichapisha makala 200 katika miaka miwili, na mwaka unaofuata makala hizo zikarejelewa mara 800, kigezo chake ni 4. Huo ni wastani, na mara nyingi makala chache huubeba wastani huo huku nyingine zikirejelewa kidogo au zisirejelewe kabisa. Anayejipatia 4 kwa sababu tu makala yake imo humo anavaa nguo iliyoshonwa kwa vipimo vya watu wengine.

Neno lenyewe lingetosha kutuonya. Athari limetoka katika Kiarabu, ambako athar ni alama iliyobaki baada ya kitu kupita, kama unyayo. Wingi wake hutumika hata kwa magofu na mabaki ya kale. Mfugaji wa Ugogo anayemtafuta ng'ombe aliyepotea hufuata alama za kwato vumbini, na alama hizo ni za ng'ombe yule, si za njia aliyopita. Hapohapo ndipo tunapoteleza mara ya pili, kwa kulitumia neno athari kana kwamba maana yake ni madhara, hata mtu akiambiwa kwamba utafiti fulani una athari kubwa huuliza nani ameumia. Madhara hutokana na kudhuru. Athari haisemi kama alama iliyoachwa ni njema au mbaya.

Historia ya utafiti wa homoni na ubongo inayo mifano ya kutosha ya athari isiyotokana na jina la jarida. Watafiti Wamarekani Rosalyn Yalow na Solomon Berson walipoandika kwamba wagonjwa waliochomwa sindano za insulini hutengeneza kingamwili dhidi yake, jarida la Science liliikataa makala yao, na jarida jingine nalo liliikataa kwanza kabla ya kuichapisha mwaka 1956. Kutokana na kazi hiyo ilipatikana njia ya kupima viwango vidogo mno vya homoni katika damu. Mwaka 1977 Yalow alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Roger Guillemin na Andrew Schally, waliochunguza homoni zinazotolewa na ubongo. Berson alikuwa amefariki mwaka 1972. Athari ya Yalow na Berson imo katika maabara za hospitali, popote homoni inapopimwa. Vilevile, utafiti uliounganisha upungufu wa madini joto na rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingoni, na pia na kudumaa kwa ubongo wa mtoto angali tumboni, alama yake imo katika pakiti ya chumvi iliyoandikwa "yenye madini joto", na mama anayeinunua sokoni Majengo hahitaji kujua jina la jarida lolote.

Ningefurahi kama mshereheshaji yule, ambaye bila shaka alikusudia heshima, angesema kwamba makala ya mgeni wake imetoka katika jarida ambalo kigezo chake ni 9.4, kisha akaongeza sentensi moja tu ya kueleza makala hiyo iligundua nini na nani ameitumia tangu hapo.