Maana ya mageuzi ya dhamana: nani anashika ufunguo wa mahabusu?

Neno dhamana lina kazi mbili katika Kiswahili cha kila siku, na zote mbili zinasaidia kulielewa jambo hili. Tunasema waziri mwenye dhamana ya elimu, tukimaanisha mtu aliyekabidhiwa kitu kisicho chake na atakayetakiwa kukitolea hesabu. Tunasema pia kwamba fulani yuko nje kwa dhamana, tukimaanisha mshtakiwa aliyeruhusiwa kurudi nyumbani akisubiri kesi yake, kwa ahadi kwamba atafika mahakamani kila atakapotakiwa. Katika matumizi haya ya pili mtu anakabidhiwa uhuru wake mwenyewe, na wadhamini wake wanasimama mbele ya hakimu kukubali kwamba watawajibika iwapo atautumia kukimbia.

Kwa hiyo dhamana haifuti shtaka wala haipunguzi adhabu. Mtaani watu wakimwona mshtakiwa amerudi husema ameachiwa, na jirani aliyeibiwa huondoka akiamini kwamba kesi imenunuliwa, ilhali kesi iko pale pale na tarehe ya kutajwa imeshaandikwa. Kosa la upande wa pili ni zito zaidi: kuichukulia rumande kama mwanzo wa adhabu. Katiba ya Tanzania, katika ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa jinai kutendewa kama mkosaji kabla kosa halijathibitishwa, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inasema hivyo hivyo katika kifungu cha 50. Ikiwa mshtakiwa bado si mkosaji, basi kumfungia kunahitaji sababu nyingine isiyokuwa adhabu, na sababu halali zinazokubalika ni chache: hofu kwamba hatafika mahakamani, hofu kwamba atavuruga ushahidi au kutisha mashahidi, na hofu kwamba atamdhuru mtu, au yeye mwenyewe kudhuriwa na watu wenye hasira.

Mageuzi ya dhamana ni mabadiliko ya sheria au ya desturi za mahakama kuhusu namna hofu hizo zinavyopimwa, na hasa kuhusu nani anazipima. Wengi wanapolisikia neno hilo hudhani maana yake ni kuwafungulia watu milango. Mageuzi yanaweza kufungua na yanaweza pia kufunga, kama tutakavyoona. Ninachoshikilia katika maelezo haya ni kwamba ufunguo wa mahabusu unaweza kukaa katika mikono minne, yaani mkono wa Bunge, wa mwendesha mashtaka, wa fedha, au wa hakimu aliyemsikiliza mtu aliye mbele yake, na kwamba mageuzi yanayostahili jina hilo ni yale yanayourudisha kwa huyu wa mwisho.

Tuanze na Bunge. Nchini Tanzania, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ina kifungu ambacho mawakili wamezoea kukiita cha 148(5), chenye orodha ya makosa yasiyo na dhamana. Humo mna mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, ugaidi, biashara ya dawa za kulevya na utakatishaji wa fedha. Mtu akishtakiwa kwa mojawapo ya hayo, hakimu hana la kuamua. Hata kama mshtakiwa ni bibi wa miaka sabini anayejulikana mtaa mzima, hata kama ana wajukuu wadogo na hana pasipoti, jibu limeshatolewa na watunga sheria ambao hawakuwahi kumwona. Makosa mengi ya aina hiyo mahakama ya chini haina hata mamlaka ya kuyasikiliza, kwa hiyo mshtakiwa huletwa kila baada ya siku kumi na nne, akaelezwa kwamba upelelezi haujakamilika, kisha akarudishwa rumande.

Hapo ndipo orodha ya Bunge inapogeuka kuwa ufunguo wa mwendesha mashtaka, kwa kuwa yeye ndiye anayechagua jina la kosa. Mgogoro wa kodi ukiongezewa shtaka la utakatishaji wa fedha unakuwa kesi isiyo na dhamana, kabla ushahidi wowote haujapimwa. Mwandishi wa habari Erick Kabendera alikamatwa Julai 2019, akashtakiwa kwa makosa yaliyokuwamo utakatishaji wa fedha, na akakaa mahabusu hadi Februari 2020 kesi yake ilipomalizwa kwa makubaliano ya kukiri kosa. Freeman Mbowe, aliyekuwa mwenyekiti wa chama cha upinzani cha CHADEMA, alikaa ndani kwa shtaka la ugaidi tangu Julai 2021 hadi Machi 2022, Jamhuri ilipoiondoa kesi. Viongozi wa Uamsho, jumuiya ya Kiislamu ya Zanzibar, nao walishtakiwa kwa ugaidi, wakakaa mahabusu kwa miaka mingi, na walipotoka Juni 2021 walitoka kwa sababu mashtaka yalifutwa, bila hukumu ya kuwatia hatiani. Msomaji anaweza kuwa na maoni yoyote kuhusu siasa za watu hao. Swali la dhamana haliyategemei maoni hayo, kwa sababu kifungu kile kile kinamshika pia mkulima asiye na jina gazetini, ambaye hakuna anayehesabu miaka yake.

Mahakama za Tanzania zimebishana na jambo hili kwa muda mrefu na kwa heshima kubwa ya hoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika kesi ya Mkurugenzi wa Mashtaka dhidi ya Daudi Pete, Mahakama ya Rufani ilibatilisha aya mojawapo ya kifungu hicho, iliyomnyima dhamana mtu yeyote aliyeshtakiwa kwa shambulio kubwa, kwa vitisho vya ukatili au kwa kuwa na silaha ya moto. Hoja yake inafaa kukumbukwa: sheria inayobana uhuru kwa ajili ya usalama wa jamii inaweza kuwa halali, ila haipaswi kuwa pana kiasi cha kuwazoa pamoja na watu hatari hata wale wasio na hatari yoyote, na ni lazima iwe na kinga dhidi ya maamuzi ya kiholela. Mwaka 2018 mahakama hiyo hiyo ilikubaliana na Mahakama Kuu, katika kesi iliyofunguliwa na wakili Jeremia Mtobesya, kwamba Mkurugenzi wa Mashtaka hawezi kuzuia dhamana kwa kuwasilisha hati tu inayodai kwamba usalama au maslahi ya Jamhuri yataathirika. Hati ya namna hiyo ilikuwa ikiufunga mdomo upande wa mshtakiwa kabla haujafunguliwa. Mei 2020 Mahakama Kuu ikaenda mbali zaidi na kutangaza, katika shauri la Dickson Sanga, kwamba orodha nzima ya 148(5) inakwenda kinyume na Katiba, lakini Agosti mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikatengua uamuzi huo na orodha ikabaki. Naiheshimu mahakama, na bado naona kwamba hoja ya Pete inaigusa orodha yote, kwani jina la kosa linaeleza mtu anatuhumiwa nini, wala halielezi kama atatoroka.

Kenya ilikuwa na orodha ya namna hiyo. Kabla ya 2010, mtu aliyeshtakiwa kwa mauaji, uhaini au wizi wa mabavu hakuweza kupata dhamana. Katiba mpya iliifuta orodha na kuweka kanuni moja katika kifungu cha 49(1)(h): kila aliyekamatwa ana haki ya kuachiliwa kwa bondi au dhamana yenye masharti ya haki, isipokuwa kukiwa na sababu nzito za kutomwachilia. Uzito wa maneno hayo uko katika nani anatakiwa kuthibitisha, kwa maana mshtakiwa haombi hisani. Upande wa mashtaka ndio unaotakiwa kuleta sababu zake, kwa kawaida katika hati ya kiapo ya mpelelezi, na mshtakiwa apewe nafasi ya kuzijibu. Huu ndio utaratibu wa haki kwa lugha nyepesi: mtu asipoteze uhuru wake kabla hajajua anatuhumiwa nini, hajasikia sababu za kumzuia, na hajajibu mbele ya mtu asiye na upande.

Mfano mmoja unaonyesha tofauti kuliko maelezo marefu. Baada ya mauaji ya mfanyabiashara Monica Kimani jijini Nairobi, Septemba 2018, watu wawili walishtakiwa pamoja kwa kosa hilo moja. Kama wangekuwa Dar es Salaam, wote wawili wangebaki ndani mpaka mwisho. Mahakama Kuu ya Kenya ilimtazama kila mmoja peke yake, ikamwachilia kwa masharti mshtakiwa wa pili, mtangazaji wa televisheni, na ikamnyima dhamana wa kwanza, ambaye aliipata baadaye, mwaka 2020. Februari 2024 hukumu ilipotolewa, wa kwanza alipatikana na hatia na wa pili akaachiliwa huru. Kwa kanuni ya orodha, yule wa pili angekuwa ametumikia zaidi ya miaka mitano kwa kosa ambalo mahakama imesema halikuthibitishwa juu yake.

Mkono wa tatu, wa fedha, ndio unaofichika zaidi, kwa kuwa kwenye karatasi mtu amepewa dhamana. Lazima hapa tutenganishe mambo mawili yanayochanganywa. Bondi ya shilingi milioni tano ni ahadi ya kulipa kiasi hicho iwapo mshtakiwa atatoroka, na siku ya kusaini hakuna senti inayotolewa. Kinachotakiwa ni wadhamini wenye vitambulisho, barua ya serikali ya mtaa, na wakati mwingine hati ya nyumba au ya shamba. Dhamana ya pesa taslimu huwekwa mahakamani na hurudishwa kesi ikiisha. Yote mawili yanamwelemea asiye na kitu. Kijana aliyekuja mjini juzi na kupanga chumba hana mdhamini mwenye hati, na mjumbe wa mtaa hamjui. Mwizi mzoefu mwenye mtandao wake hutoka asubuhi, naye aliyeshtakiwa kwa kuiba simu hubaki ndani miezi kadhaa akisubiri kesi ambayo adhabu yake, akikutwa na hatia, pengine ingekuwa fupi kuliko kusubiri kwenyewe. Katiba ya Kenya imejaribu kulizuia hili kwa kusema kwamba mtu asiwekwe rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini tu au kifungo kisichozidi miezi sita.

Sasa tufike kwenye uhalifu, maana wanaopinga mageuzi hawapingi bila sababu. Mwanamke aliyepigwa na mumewe ana haki ya kuogopa akisikia kwamba mume yuko njiani kurudi nyumbani, na shahidi anayeishi nyumba ya tatu kutoka kwa mshtakiwa ana haki ya kuogopa pia. Hofu hiyo haitibiwi na fedha, kwa kuwa mume mkatili mwenye fedha atatoka. Inatibiwa na hakimu anayeuliza mshtakiwa atalala wapi, anayemkataza kumkaribia mlalamikaji, na anayemnyima dhamana kabisa pale ushahidi wa vitisho unapoonekana.

Jimbo la New Jersey nchini Marekani linafaa kutazamwa hapa, kwa sababu lilifanya mageuzi kwa pande zote mbili na likapima matokeo. Uchunguzi wa mwaka 2013 ulionyesha kwamba takriban asilimia 12 ya waliokuwa katika magereza ya kaunti za jimbo hilo walibaki ndani kwa kukosa dola 2,500 au pungufu. Mwaka 2014 wapiga kura walikubali kubadili katiba ya jimbo ili majaji waweze kumzuia mtu hatari bila dhamana yoyote, jambo ambalo awali halikuruhusiwa, na kuanzia Januari 2017 dhamana ya fedha ikaachwa karibu kabisa. Idadi ya mahabusu ilipungua kwa karibu asilimia 44 kati ya mwisho wa 2015 na mwisho wa 2018. Walioshtakiwa upya kwa kosa kubwa wakiwa nje walikuwa asilimia 12.7 katika kundi la 2014, na asilimia 13.7 katika kundi la 2017. Mahudhurio mahakamani yalishuka kutoka asilimia 92.7 hadi 89.4. Sitaki kuzificha tofauti hizo, kwa kuwa nyuma ya kila kosa jipya kuna mtu aliyeumia. Lakini anayesema kwamba mageuzi yalifungulia wimbi la uhalifu, takwimu hizi hazimuungi mkono.

Kuna pia madhara ambayo takwimu za namna hiyo hazionyeshi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kuhusu makosa madogo katika kaunti ya Harris, Texas, uligundua kwamba waliozuiliwa walikuwa na uwezekano wa kukiri kosa uliozidi kwa asilimia 25 ule wa wenzao wanaofanana nao walioachiwa. Kwa anayeijua rumande yetu, ambako kukiri mara nyingi ndiyo njia fupi ya kurudi nyumbani, hilo halihitaji ufafanuzi. Ungamo la namna hiyo halitwambii nani alitenda kosa, na kama siye aliyelitenda, mhalifu halisi bado yuko mtaani.

Na hofu ya kwanza kabisa, kwamba mtu hatafika, mara nyingi ina chanzo cha kawaida kuliko tunavyodhani. Mshtakiwa husahau tarehe baada ya kuahirishwa mara ya sita, au hukosa nauli, au hufika akaambiwa kesi imehamishiwa chumba kingine. Jijini New York watafiti walijaribu kuwatumia watu walioitwa mahakamani kwa makosa madogo ujumbe mfupi wa simu wa kuwakumbusha siku, na idadi ya wasiofika ikapungua kwa takriban asilimia 21. Mahakama zetu tayari zinachukua namba ya simu ya mshtakiwa na za wadhamini wake siku ile ile ya kusaini bondi.