Kutoka kompyuta hadi simu bila kuchoma bando

Mtu ana laptopu mezani, simu iko pembeni yake, na video ya semina ya MB 300 anaitaka kwenye simu. Anafungua WhatsApp Web, anajitumia mwenyewe. Video inapanda hadi kwenye seva zilizoko huko mbali, kisha inashuka tena kuja kwenye simu iliyo mezani pale pale. Na kama laptopu inapata intaneti kwa hotspoti ya simu hiyo hiyo, bando linakatwa mara mbili: MB 300 za kupanda na MB 300 za kushuka. Nikiwaeleza wateja dukani, wengi hudhani natania, mpaka waangalie salio.

WhatsApp siikatai. Kwa barua ya kazi, risiti au PDF ya kurasa chache, sioni haja ya kuhangaika na kitu kingine. Ila picha ukiituma kama picha, inabanwa ili iwe nyepesi, na ukija kuichapisha pasipoti saizi inatoka na ukungu. Itume kama hati. Hapo inafika kama ilivyo, na tangu 2022 hati moja inaweza kufika GB 2. Kama kompyuta ni ya steshenari, usiondoke bila kufungua sehemu ya vifaa vilivyounganishwa kwenye simu yako na kuiondoa hiyo kompyuta. Mazungumzo ya watu yanabaki wazi kwenye kompyuta za umma kila siku.

Kwa chochote kikubwa, faili lisitoke nje ya chumba.

Waya kwanza

Malalamiko ninayoyasikia kuliko yote ni haya: "Fundi, simu inachaji tu, kompyuta haiioni." Mara nyingi simu ni nzima na kompyuta ni nzima. Tatizo ni waya. Ndani ya waya wa kawaida wa USB mna nyaya nne nyembamba: mbili za umeme na mbili za kupitisha data. Nyaya kadhaa za bei ya kutupa zimewekewa zile mbili za umeme peke yake. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Ukichomeka simu ikaanza kuchaji lakini kompyuta isitoe hata mlio, badilisha waya kabla hujagusa kitu kingine. Waya uliokuja na simu ndani ya boksi kwa kawaida una data, na ndiyo maana huwaambia watu wautunze, wa kuchajia kitandani wanunue mwingine.

Waya ukiwa mzima, bado simu yenyewe inaweza kukaa kimya. Android tangu toleo la 6, ikichomekwa kwenye kompyuta, inaanza na kuchaji tu, na ni kwa makusudi: usije ukachomeka simu kwenye kompyuta ya mtu usiyemjua ikamwaga kila kitu. Fungua skrini kwa namba yako ya siri, vuta arifa kutoka juu, gusa ile inayotaja USB, kisha chagua kuhamisha faili. Skrini ikiwa imefungwa, kompyuta itaonyesha jina la simu lakini ndani hamna kitu, na watu huanza kulia kwamba picha zimefutika.

Ikiunganika na kukatika, chungulia tundu la kuchajia. Pamba za mfukoni hushindiliwa humo mpaka waya hauingii wote. Zima simu, chokoa taratibu kwa kijiti cha meno cha mti. Usitumie pini wala sindano.

Sasa, kwa nini simu haionekani kama flashi siku hizi? Android za zamani zilionekana hivyo hivyo, kama diski. Shida yake ni kwamba diski haiwezi kushikwa na watu wawili kwa wakati mmoja: kompyuta ikiichukua memori, simu inaikosa, na nyimbo pamoja na programu zilizowekwa humo zinatoweka hadi uchomoe waya. Kwa hiyo watengenezaji wa Android wakahamia utaratibu unaoitwa MTP. Humo kompyuta haigusi memori moja kwa moja. Inaiomba simu: nipe orodha, pokea faili hili, nipe lile. Simu inabaki na memori yake.

Ukilijua hilo, vituko vingi vinaeleweka. Folda ya picha elfu tatu inachelewa kufunguka kwa sababu simu inaorodhesha faili moja baada ya jingine. Huwezi kufungua hati ya Word ndani ya simu ukaihariri hapo hapo na kuhifadhi. Lazima uikopi kwenye kompyuta kwanza, urekebishe, urudishe. Na kuanzisha kazi tatu za kukopi kwa mpigo hakuongezi kasi, kunazigombanisha. Acha moja iishe.

Kuna faida yake pia. Vile virusi vya shotikati, vinavyoficha folda zako na kukuachia vijialama, huwinda diski yenye herufi kama E au F. Simu iliyounganishwa kwa MTP haina herufi, kwa hiyo vinaipita. Memori kadi ukiichomoa na kuichomeka kwenye kompyuta hiyo hiyo kwa kadirida (kifaa cha kusomea kadi), vinaikuta.

Wenye Mac wajue kwamba kompyuta yao haizungumzi MTP yenyewe. Programu ya OpenMTP, ambayo ni ya bure, inaziba pengo hilo.

Kwa kasi, waya bado ni mfalme. USB 2.0 imeandikwa Mbps 480 (megabiti kwa sekunde), na usidanganyike na umbo la tundu: simu nyingi zenye USB-C bado ni 2.0 kwa ndani, hata iPhone 15 ya kawaida. Lakini hiyo inatosha. Filamu ya MB 700 huingia kwa chini ya dakika moja kwenye simu yenye memori nzuri.

Wi-Fi bila intaneti

Hapa ndipo watu wengi hawajafika, na ndiyo njia ninayoitumia zaidi mwenyewe. Wi-Fi na intaneti ni vitu viwili. Wi-Fi ni barabara ya ndani kati ya vifaa, intaneti ni mlango wa kutokea nje. Ukiwasha hotspoti kwenye simu huku data ya simu imezimwa, simu nyingi zinakubali, laptopu inaunganika, Windows inanung'unika kwamba hakuna intaneti, na hiyo ndiyo hali tunayoitaka. Faili linapita hewani kutoka laptopu hadi simu bila hata KB moja ya bando. Kuzima data kuna sababu nyingine pia: ukiiacha wazi, Windows itaona neema na kuanza kushusha masasisho yake.

Juu ya barabara hiyo unahitaji programu. Mimi nawawekea wateja LocalSend. Ni ya bure, haina matangazo, haitaki akaunti, na ipo kwa Windows, Mac, Linux, Android na iPhone. Unaifungua pande zote mbili, zinaonana kwa majina, unachagua faili, upande wa pili anakubali. Kama hazionani, karibu kila mara ni Windows: mtandao mpya inauweka kwenye kundi la mitandao ya umma na kufunga milango. Ingia kwenye mipangilio ya Wi-Fi hiyo, ubadilishe iwe ya binafsi, jaribu tena.

Quick Share ya Google nayo ni nzuri kwa Android na Windows. Zamani Google walikuwa na Nearby Share na Samsung wana Quick Share yao; Januari 2024 zikaunganishwa zikawa moja. Kuhusu Xender na SHAREit najua nitawaudhi wengi, maana watu wamezizoea kwa kurushiana vitu miaka na miaka. Zinafanya kazi. Lakini matangazo yake yanachosha, na Februari 2021 watafiti wa Trend Micro, kampuni ya usalama wa kompyuta, walitangaza mianya ya usalama ndani ya SHAREit ya Android. Zilipokuwa peke yake zilivumilika. Leo sioni kwa nini.

Asiyetaka kuweka programu kwenye simu, na kompyuta yake ina Python (lugha ya kuandikia programu), afungue dirisha la amri ndani ya folda husika, aandike python -m http.server 8000, kisha kwenye kivinjari cha simu aandike anwani ya kompyuta ikifuatiwa na :8000. Kwa Windows, anwani unaipata kwa kuandika amri ya ipconfig kwenye dirisha hilo hilo. Folda nzima inaonekana kwa yeyote aliye kwenye mtandao huo, kwa hiyo usiifanye kwenye Wi-Fi ya hoteli.

Jambo dogo la kasi: vifaa vyote viwili vikiwa kwenye ruta moja, kila kipande cha faili kinasafiri hewani mara mbili, kutoka laptopu hadi ruta, na kutoka ruta hadi simu. Hotspoti ya simu yenyewe inakata safari moja.

Mengineyo

Bluetooth ni ya wimbo mmoja au picha mbili. Hata mambo yakienda vizuri haivuki sana KB 250 kwa sekunde, kwa hiyo ile filamu ya MB 700 itakuchukua robo tatu ya saa. iPhone haipokei kabisa mafaili kwa njia hii.

Flashi ya OTG, yenye kichwa cha kuingia kwenye simu, inasaidia pale kompyuta si yako. Flashi hupangwa ndani kwa mitindo tofauti: exFAT, FAT32 au NTFS. Iformati iwe exFAT kama simu yako inaisoma. Ikiwa FAT32, faili moja halivuki GB 4, na ujumbe utakwambia faili ni kubwa mno wakati nafasi tele ipo. Ikiwa NTFS, simu nyingi zitadai ni mbovu na kukuomba uiformati. Usikubali haraka.

Kwa iPhone na Windows, waya peke yake unakuonyesha picha za kamera tu, na huwezi kuingiza kitu. Tumia LocalSend, au VLC, programu ya kuchezea video ambayo ina sehemu ya kupokea video kwa Wi-Fi kupitia kivinjari. Mwenye Mac na iPhone ana AirDrop, njia ya Apple ya kurushiana faili, hana haja ya kunisoma.

Mwisho kuna hili la "limeingia lakini silioni". Weka vitu kwenye Download, Music au Movies, si ndani ya Android/data, ambako tangu Android 11 programu nyingi haziruhusiwi kuchungulia. Kama picha hazitokei kwenye galari, angalia kama folda ina faili tupu linaloitwa .nomedia, hilo linaiambia simu isiorodheshe kilichomo. Na kabla hujafuta nakala ya kwenye kompyuta, linganisha ukubwa wa pande zote mbili kwa baiti. Video iliyokatika njiani inaweza kufunguka vizuri mwanzoni, kwa hiyo iburute hadi dakika ya mwisho uone kama inacheza.