Shule ya Kifaransa ya kimataifa ni nini hasa?

Shule ya Kifaransa ya kimataifa ni shule iliyo nje ya Ufaransa, inayofundisha mtaala wa Ufaransa darasa kwa darasa, na ambayo Wizara ya Elimu ya Ufaransa imeikagua na kuitambua rasmi. Shule hizi hupokea watoto wa rika zote: mtoto huingia akiwa na miaka 3 na, pale ambapo shule ina madarasa yote, hutoka akiwa na miaka 18. Nairobi iko Lycée Denis Diderot, Dar es Salaam iko shule ya Arthur Rimbaud, Kampala iko Les Grands Lacs, na zipo nyingine kama hizo London, New York, Muscat na Addis Ababa.

Wengi hudhani kwamba kinachoifanya shule iwe ya Kifaransa ni lugha. Ukienda Lubumbashi utaona haraka kwamba sivyo. Pale watoto husoma kwa Kifaransa katika shule za serikali, za misheni na za watu binafsi, lakini mtaala wao ni wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na mwisho wa safari yao ni Examen d'État, mtihani wa taifa lao. Katika mji huohuo ipo Lycée Blaise Pascal, ambako vitabu, ratiba na mitihani hufuata utaratibu wa Ufaransa, na mwanafunzi humaliza na baccalauréat, kwa kifupi bac, mtihani wa Ufaransa wa kuhitimu sekondari. Watoto wawili wa mtaa mmoja wanaweza kuongea Kiswahili nyumbani na kusoma kwa Kifaransa kutwa nzima, huku kila mmoja akiwa katika mfumo wa nchi tofauti.

Kwa hiyo mzazi aangalie zaidi ule utambuzi rasmi, ambao Wafaransa huuita homologation. Hutolewa na wizara baada ya ukaguzi, na hutolewa kwa ngazi za madarasa. Hapa ndipo wazazi wengi hupitwa. Shule inaweza kuwa imetambuliwa kwa madarasa ya awali na ya msingi tu, huku madarasa ya juu bado yakisubiri, na bango la getini lisiseme lolote kuhusu hilo. Maana yake kwa mtoto ni kubwa. Aliye katika darasa lililotambuliwa anaweza kuhamia shule yoyote ya umma nchini Ufaransa, au shule nyingine iliyotambuliwa kwa ngazi hiyo popote duniani, bila kufanya mtihani wa kuingia. Mama akihamishwa kikazi kutoka Nairobi kwenda Muscat katikati ya mwaka, mtoto anakuta somo la hesabu liko karibu palepale alipoliacha. Kwa familia za wanadiplomasia, wafanyakazi wa mashirika ya kimataifa na wafanyabiashara wanaohamahama, hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kuchagua shule hizi, na naiona kuwa sababu ya haki kabisa.

Mtandao wa shule hizi una karibu shule 600 katika nchi zaidi ya 130, na unaratibiwa na AEFE, wakala wa serikali ya Ufaransa ulioanzishwa mwaka 1990 chini ya Wizara ya Mambo ya Nje. Baadhi ya shule zinaendeshwa na wakala huo moja kwa moja, nyingine zina mkataba nao, na nyingine ni za vyama vya wazazi au watu binafsi walioingia ubia. Wapo pia waendeshaji wa zamani zaidi, kama Mission laïque française iliyoanza mwaka 1902. Mwaka 2018 Rais Emmanuel Macron alitangaza lengo la kuongeza maradufu idadi ya wanafunzi wa mtandao huu ifikapo mwaka 2030.

Madarasa yake humchanganya mtu aliyekulia katika mfumo wa Afrika Mashariki. Kuanzia miaka 3 hadi 6 mtoto yuko maternelle, yenye sehemu tatu: ndogo, ya kati na kubwa. Usiichukulie kama mahali pa kulelea watoto tu. Tangu mwaka 2019 sheria ya Ufaransa inamlazimu kila mtoto wa miaka 3 kupata elimu. Halafu inakuja shule ya msingi ya miaka mitano, kutoka CP, yaani darasa la kwanza, hadi CM2, la tano. Baada ya hapo hesabu inageuka na kushuka: sixième, yaani ya sita, ndiyo mwaka wa kwanza wa sekondari, kwa mtoto wa miaka 11 hivi. Kisha ya tano, ya nne, ya tatu, ambako hufanyika mtihani wa brevet. Miaka mitatu ya mwisho, seconde, première na terminale, ndiyo lycée yenyewe, ingawa nje ya Ufaransa jina hilo mara nyingi hubeba shule nzima pamoja na watoto wa chekechea.

Ukitaka kuona tabia ya mfumo huu, fungua daftari la mtoto wa CP. Kurasa zake zimechorwa mistari ya Seyès: miraba ya milimita 8, na ndani yake mistari myembamba ya kulala, kila mmoja milimita 2 juu ya mwenzake. Mtoto wa miaka 6 hufundishwa mwandiko wa kuunganisha tangu mwanzo, na kila herufi ina kimo chake. L na b hupanda hadi mstari wa tatu, d na t huishia wa pili, mkia wa g unashuka chini kwa kipimo. Mwalimu husahihisha kimo cha herufi kama anavyosahihisha tahajia. Anayeyatazama kutoka nje huona ni ukali usio na faida, lakini mimi nayapenda madaftari haya, kwa sababu yanamzoesha mtoto utaratibu wa mkono kabla hajaombwa utaratibu wa fikra.

Na fikra huombwa kweli. Kila mwanafunzi wa terminale wa mkondo wa jumla husoma falsafa, awe anaelekea udaktari au uchumi, na mtihani wake ni wa saa 4: unachagua swali moja kati ya mawili na kuliandikia insha, au unachambua andiko la mwanafalsafa. Tangu mageuzi ya bac yaliyokamilika mwaka 2021, mwanafunzi huchagua masomo matatu ya ubobezi akiwa première na kubaki na mawili mwaka unaofuata. Upo pia mtihani wa mazungumzo uitwao grand oral, ambamo husimama mbele ya waalimu wawili, akaeleza swali alilolitafiti, kisha akahojiwa. Asilimia 40 ya alama za bac hutokana na kazi za darasani za miaka miwili, zinazobaki ni za mitihani ya mwisho. Alama hutolewa juu ya 20, na kufaulu ni 10. Mzazi aliyezoea asilimia anaweza kushtuka akiona 13, lakini bac ya 12 tayari hupewa daraja la heshima, na 16 ni daraja la juu.

Zaidi ya nusu ya wanafunzi wa mtandao huu si raia wa Ufaransa. Lycée Guebre-Mariam ya Addis Ababa, iliyofunguliwa mwaka 1947, imejaa watoto wa Ethiopia, na Kiamhari kinafundishwa humo. Kwa kawaida shule hizi hufundisha lugha ya nchi iliyozipokea, na Kiingereza huanza mapema na kwa saa nyingi kuliko shule za kawaida za Ufaransa. Pale ambapo Kiswahili kimepewa nafasi, ningemshauri mzazi akidai kwa nguvu saa zake zisipunguzwe. Mtoto aliyezaliwa Dar es Salaam hastahili kukijua Kifaransa cha insha na kubaki na Kiswahili cha salamu.

Kuhusu fedha, elimu ya umma ambayo Ufaransa ni bure, ng'ambo inalipiwa, hata katika shule zinazoendeshwa na serikali yenyewe. Ada ni nzito kwa mshahara wa kawaida wa Nairobi au Kampala. Watoto wenye uraia wa Ufaransa, wakiwemo wa ndoa za mchanganyiko, wanaweza kuombewa msaada wa masomo kupitia ubalozi, kwa kuangalia kipato cha familia. Mtoto asiye na uraia huo hana mlango huo, na mzazi wake apige hesabu ya miaka yote 15 kabla ya kulipa ya muhula wa kwanza.

Shule hizi pia huishi kwa uhusiano wa serikali mbili. Rwanda ilipovunja uhusiano na Ufaransa mwezi Novemba 2006, shule ya Saint-Exupéry ya Kigali ilifungwa katikati ya mwaka wa masomo, na ikafunguliwa tena baada ya uhusiano kurejeshwa mwishoni mwa mwaka 2009. Waliolazimika kutafuta madarasa mengine kwa haraka walikuwa watoto.

Kwa familia ya Afrika Mashariki isiyoongea Kifaransa, umri wa kuingia unaamua mengi. Anayeanza na miaka 3 huokota lugha akicheza. Anayeingia na miaka 9 anakuta wenzake wanaandika sentensi ndefu na kunyambua vitenzi, hivyo atahitaji masomo ya ziada ya Kifaransa kwa mwaka au zaidi, na shule nyingi humpima kwanza. Kutoka nako kuna ugumu wake. Mwaka wa masomo Ufaransa huanza Septemba, wakati Tanzania huanza Januari, na hakuna darasa linalolingana sawasawa na darasa la saba wala kidato cha nne.

Mwenye bac anayetaka chuo kikuu cha Ufaransa huomba kupitia jukwaa la Parcoursup, na kwa wanafunzi bora wasio Wafaransa waliomaliza katika mtandao upo ufadhili wa Excellence-Major. Anayetaka kusoma chuo cha Tanzania lazima cheti chake kilinganishwe kwanza na NECTA, baraza la mitihani la Tanzania, na vyuo huangalia amefaulu masomo gani. Ndiyo maana swali la masomo ya ubobezi liulizwe mwanafunzi akiwa seconde, kabla hajaacha fizikia au biolojia ambayo kitivo anachokitaka kitaidai.