Kipindi cha michezo si muda wa kupoteza

"Michezo ni ya mwili, masomo ni ya akili." Kwa mwalimu wa michezo kama mimi, hakuna kauli inayochosha kuliko hii. Wazazi wanaisema, walimu wenzangu wanaisema mtihani ukikaribia, na kipindi changu kinageuzwa kuwa cha hesabu. Wapo hata wanaodai kwamba Wagiriki wa kale, mabingwa wa falsafa, ndivyo walivyoamini.

Sivyo kabisa. Katika kitabu cha tatu cha Jamhuri, andiko la mwanafalsafa Plato, mwalimu wake Socrates anasema kwamba mazoezi ya viungo na muziki, pamoja na mashairi yake, vyote viwili vimewekwa hasa kwa ajili ya nafsi. Aliyelelewa kwa mazoezi matupu huwa mkali na mgumu; aliyelelewa kwa nyimbo na mashairi matupu hulegea. Uvumilivu, ujasiri, kushindwa bila kuvunjika moyo: haya ni mambo ya nafsi, na uwanjani ndiko yanakofunzwa.

Tena Wagiriki hawakuishia kwenye maneno. Akademia, shule ya Plato, ilikuwa kwenye uwanja wa mazoezi nje ya kuta za Athens, na mwanafunzi wake Aristotle alifundishia Lykeion, uwanja mwingine wa aina hiyo. Vijana walijipaka mafuta, wakapigana mieleka, wakajikwangua vumbi na jasho kwa chuma kilichopinda, na mijadala ya falsafa ikiendelea papo hapo. Hata mazoezi ya kuruka yalipigiwa zumari. Na leo Shirika la Afya Duniani linataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 za mazoezi kwa siku. Atazipata wapi akiwa kwenye dawati tangu asubuhi? Ombi langu kwa walimu wakuu ni hili: hesabu ifuate baada ya michezo, isichukue nafasi yake.

"Basi tumkomaze mtoto mapema kwa mazoezi makali." Hapana! Aristotle alionya kwamba walioshinda Olimpiki utotoni na ukubwani pia walikuwa wawili watatu tu, maana mazoezi makali ya utotoni yaliwamaliza nguvu. Kabla ya balehe, mazoezi yawe mepesi.

Na ule msemo "Akili timamu katika mwili timamu" si wa Kigiriki. Ni maneno ya Juvenal, mshairi wa Roma, akieleza mambo yanayofaa kuombwa kwa miungu.

Na "michezo ni ya wavulana"? Huko Sparta, mji mwingine wa Wagiriki wa kale, wasichana walikimbia na kupigana mieleka. Binti naye anunuliwe raba, aende uwanjani.