Utambulisho wa ofisi hauanzii kwenye rangi ya ukuta

Wengi wanaamini kwamba ofisi ikipakwa rangi za nembo na kubandikwa dira na dhamira pale mapokezi, basi imeshabeba utambulisho wa kampuni. Imani hii ni ya siku nyingi, na si sahihi. Rangi humsaidia mgeni kujua amefika wapi. Namna watu wanavyofanya kazi humo ndani huonekana kwenye mpangilio.

Tazama jengo la ofisi la Larkin, kampuni ya sabuni ya Buffalo, Marekani, lililokamilika mwaka 1906 kwa michoro ya msanifu majengo Frank Lloyd Wright. Larkin iliuza bidhaa kwa posta, kwa hiyo kazi ya kila siku ilikuwa barua za wateja. Katikati ya jengo kulikuwa na ukumbi ulio wazi kutoka chini hadi juu, mwanga ukishuka kutoka kwenye paa la kioo. Na wakubwa? Hawakujifungia ghorofa ya juu. Meza zao zilikuwa sakafuni mwa ukumbi huo, ambako makarani wa ghorofa za juu waliweza kuwaona. Hilo ndilo linalonigusa zaidi. Hata viti vya makarani viliungwa kwenye meza za chuma. Maneno ya maadili yalikuwepo kutani, ndiyo, lakini mpangilio ulikuwa umeshayasema.

Kwa hiyo kabla ya kumwita fundi rangi, amua kwanza bosi atakaa wapi, mteja atasubiri wapi, na dirisha lenye mwanga atapewa nani.