Potenshiometa ya chipu haizunguki, na wala haibebi mzigo

Wapo wanaodhani ndani ya potenshiometa ya dijitali, yaani chipu ya kubadilishia ukinzani wa umeme kwa amri, kuna kijimota kinachozungusha kitufe kama kile cha sauti ya redio. Humo hakizunguki kitu. Mna rezista ndogo zilizopangwa foleni, na swichi za transista zinazochagua pa kuchotea umeme. Chipu moja ya aina hii, X9C103, ina rezista 99, basi vituo vya kuchotea ni 100. Nyingine, MCP41010, ina vituo 256, kila hatua omu (kipimo cha ukinzani) 39 hivi. Ukitaka omu 5,010 hupati. Utapata 5,000 au 5,039.

Na hata hizo 5,000 ni za kwenye karatasi. "Imeandikwa omu 10,000, basi ni 10,000": hapa ndipo mafundi wengi hujikwaa. MCP41010 moja yaweza kusoma 8,000 na mwenzake 12,000, zote nzima, maana kiwanda kinaruhusu asilimia 20 juu au chini. Ongeza ukinzani wa swichi yenyewe, kama omu 52 kwenye volti 5.5, nao huzidi volti ya chipu ikipungua. Ndiyo maana ukiishusha hadi mwisho mita haisomi sifuri. Usiitupe, haijafa! Itumie kugawa volti, miguu yote mitatu ya rezista (ncha mbili na ule wa kuchotea) ikiwa kazini. Rezista zake zimezaliwa pamoja kwenye kipande kimoja cha silikoni, kwa hiyo zikizidi huzidi zote, na uwiano unabaki palepale. Wanaolalamika, aghalabu, ni wale wanaotumia miguu miwili tu.

Dhana inayounguza chipu ni ya kuiunganisha na mota au taa ili kupunguza kasi au mwanga. MCP41010 inastahimili miliampea 1. LED ya kawaida peke yake huweza kula 20. Volti nazo zina mipaka: chipu hii haitaki mawimbi yanayoshuka chini ya sifuri, ilhali X9C103 hupokea kuanzia volti -5 hadi +5.

Je, hukumbuka ilipoachwa? MCP41010 husahau, kila ikiwashwa inaanzia katikati. X9C103 hukumbuka, ila mpaka iamriwe: mguu wa CS (unaoichagua chipu) upandishwe volti wakati ule wa INC (unaosogeza hatua) nao uko juu. Kuhifadhi kwenyewe kumehesabiwa, mara 100,000. Zinaonekana nyingi, lakini programu inayohifadhi kila sekunde huzimaliza kwa saa 28 tu.