Barua ya Maombi ya Kazi Isiyo na Jina la Mpokeaji: Dhana Potofu na Ukweli

Tangazo la kazi likitoka bila jina la mtu wa kuandikiwa, waombaji wengi hukwama kwenye mstari wa kwanza. Wapo wanaopekua LinkedIn usiku kucha wakimtafuta mkurugenzi, wapo wanaopiga simu mapokezi kuuliza jina la afisa rasilimali watu, na wapo wanaokata tamaa wakaandika "Kwa yeyote anayehusika" ili mradi barua iende. Hangaiko hilo kwa sehemu kubwa limetokana na ushauri uliotungwa kwa ajili ya soko la ajira la Marekani, ukanakiliwa mitandaoni bila kuulizwa kama ofisi zetu hupokea barua kwa namna hiyohiyo.

Dhana: Barua isiyo na jina la mtu haisomwi.

Barua rasmi huandikiwa cheo, na anayeipokea ni ofisi. Katika ofisi ya umma bahasha haiendi moja kwa moja mezani kwa mkubwa. Huingia masjala, ambako mtunza kumbukumbu huifungua, huigonga mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, huiingiza kwenye rejista ya barua zinazoingia na kuiweka katika jalada lake, ndipo jalada hilo lipelekwe kwa anayepaswa kulifanyia kazi. Mtu huyo wa masjala, ambaye ndiye msomaji wako wa kwanza, hana haja ya kujua kama unamfahamu mkurugenzi kwa jina. Anachotaka kuona ni barua imeandikiwa cheo gani, inahusu nini, na inajibu tangazo lipi.

Jina linaweza hata kuichelewesha barua. Bahasha iliyoandikwa jina la mtu bila cheo chake huweza kudhaniwa kuwa ni barua binafsi, ikaachwa bila kufunguliwa mpaka mwenyewe afike. Naye akiwa likizo, safarini au amekwisha kuhamishwa, siku ya mwisho ya kupokea maombi itapita bahasha ikiwa bado imefungwa. Kwa Tanzania hatari hiyo ni ya kweli, kwa kuwa wakurugenzi wa halmashauri huteuliwa na Rais, na taarifa za uteuzi, uhamisho na utenguzi hutolewa wakati wowote, ilhali tovuti za halmashauri hazikimbii kwa kasi hiyo. Mwombaji aliyeandika "Mkurugenzi Mtendaji, Halmashauri ya Wilaya" hajakosea hata kama mkurugenzi amebadilishwa asubuhi ileile.

Wapo pia wanaoandika "SIRI" kwenye bahasha wakiamini kwamba itamfikia mkubwa bila kupita kwa mtu mwingine. Ofisi za serikali zina masjala ya wazi na masjala ya siri, na neno hilo litaipeleka barua yako kwenye mlango ambao maombi ya kazi hayapiti.

Dhana: Usipojua jina, mwandikie mkubwa kuliko wote.

Hapa ndipo makosa yalipo mengi, kwa sababu mkubwa anayeonekana kwenye taarifa ya habari mara nyingi siye anayeajiri. Anayeandikiwa ni mtendaji mkuu wa taasisi. Barua kwa wizara huelekezwa kwa Katibu Mkuu, si kwa Waziri. Barua kwa ofisi ya mkoa huelekezwa kwa Katibu Tawala wa Mkoa, si kwa Mkuu wa Mkoa. Halmashauri ya wilaya ina Mkurugenzi Mtendaji, na jiji, manispaa na mji vina wakurugenzi wake; Mkuu wa Wilaya, Meya au Mwenyekiti wa Halmashauri wana kazi nyingine. Katika vyuo vikuu vya umma mtego ni mkubwa zaidi, kwa sababu cheo cha Mkuu wa Chuo ni cha heshima: mwaka 2016, kwa mfano, Rais mstaafu Jakaya Kikwete aliteuliwa kuwa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, lakini anayekiendesha chuo kila siku, na ndiye wa kuandikiwa, ni Makamu Mkuu wa Chuo. Mamlaka ya Mapato ina Kamishna Mkuu, Benki Kuu ina Gavana, wakala wa serikali huwa na Mtendaji Mkuu, shule ya sekondari ina Mkuu wa Shule na ya msingi ina Mwalimu Mkuu.

Hata hivyo, orodha hiyo yote huwekwa kando pale tangazo lenyewe linapotaja wa kuandikiwa. Nafasi nyingi katika taasisi za umma za Tanzania hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, chombo kilichoundwa kwa Sheria ya Utumishi wa Umma Na. 8 ya 2002 kama ilivyorekebishwa mwaka 2007. Mwombaji huona nafasi ni ya mamlaka fulani, naye kwa juhudi zake akamwandikia mkuu wa mamlaka hiyo, ilhali chini ya tangazo kumeandikwa waziwazi kwamba barua ielekezwe hivi:

Katibu,
Ofisi ya Rais,
Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma,
S.L.P. 2320,
DODOMA.

Hakuna jina hapo, wala halihitajiki. Huko Kenya mambo hayatofautiani sana: kazi za kaunti hushughulikiwa na bodi za utumishi wa umma za kaunti, na matangazo yake kwa kawaida humtaja Katibu wa Bodi kuwa mpokeaji. Kumwandikia Gavana wa kaunti kwa kuwa ndiye mwenye bendera kwenye gari ni kuipotezea barua wakati.

Dhana: "Kwa yeyote anayehusika" ni njia salama kuliko zote.

Maneno hayo yana mahali pake, nako ni kwenye barua ambayo wasomaji wake hawajulikani kwa sababu ni wengi: barua ya utambulisho kutoka kwa mtendaji wa kata, au barua ya mwajiri wa zamani inayothibitisha kwamba ulifanya kazi kwake. Karatasi kama hiyo utaipeleka benki leo na chuoni kesho. Barua ya maombi ya kazi ina mpokeaji mmoja, ambaye ni taasisi iliyotangaza nafasi, na kumwita "yeyote" ni kumwonyesha kwamba barua hiyohiyo imetumwa kwingine kumi.

Dhana: Usipomjua mtu, mzidishie heshima.

"Mheshimiwa Sana", "Dkt.", "Mhandisi" na mengineyo huongezwa kwa kubahatisha, na kubahatisha sifa ya mtu ni kosa linaloonekana mara moja. Kwa Kiswahili cha ofisi za Tanzania, "Ndugu" au "Ndugu Mkurugenzi" inamtosha mwanamume na mwanamke. Ni mazoea yaliyoota mizizi tangu enzi za TANU na hayajachakaa. Nchini Kenya, shule hufundisha "Bwana/Bibi", na hiyo nayo ni sahihi kwa mpokeaji asiyejulikana. Tena ukizitazama barua ambazo ofisi za serikali ya Tanzania huandikiana, nyingi hazina salamu kabisa: ikishamalizika anwani ya mwandikiwa, kinachofuata ni "Yah:" (yaani yahusu) na kichwa cha habari. Mwombaji asiye mtumishi afadhali aweke salamu kwa adabu, lakini asidhani kwamba uzito wa barua umelala hapo.

Uzito umelala kwenye kichwa cha habari. "Yah: Maombi ya kazi" peke yake haitoshi pale taasisi inapotangaza nafasi za kada nane kwa mpigo. Andika jina la nafasi kama lilivyo kwenye tangazo, pamoja na daraja lake, kisha sentensi ya kwanza itaje kumbukumbu namba na tarehe ya tangazo: "Rejea tangazo lako la nafasi za kazi lenye Kumb. Na. … la tarehe …". Sentensi hiyo humwelekeza anayechambua maombi kuliko jina lolote ambalo ungelipata kwa kupiga simu. Wakenya wengi huandika "KUH:" (kuhusu) au "MINT:" (mintarafu) mahali pa "Yah:", na kazi yake ni ileile.

Dhana: Barua ikiwa ya Kiingereza, "Dear Sir" inatosha.

Haitoshi, maana anayeifungua anaweza kuwa mwanamke. Ukiwa hujui jina, andika "Dear Sir/Madam" na umalizie kwa "Yours faithfully". Ukiwa na jina, malizia kwa "Yours sincerely". Huo ni utaratibu wa Kiingereza cha Uingereza, na ofisi za Kenya, Uganda na Tanzania bado zinaufuata, kwa hiyo anayechanganya mwanzo wa namna moja na mwisho wa namna nyingine huonekana. "Dear Hiring Manager" ni mtindo wa Marekani. Hauna ubaya kwenye shirika la kimataifa au kampuni ya teknolojia ya Nairobi, ila kwenye barua ya kwenda wizarani unasikika kama mgeni. Kwa wanaoomba kazi Lubumbashi, Goma au Bujumbura kwa Kifaransa, asiyejua jina huandika "Madame, Monsieur", na maneno hayohayo hurudiwa ndani ya sentensi ya kuagia mwishoni.

Dhana: Mtumishi anayepitisha barua kwa mwajiri wake ameshapata wa kumwandikia.

Matangazo ya Sekretarieti yamekuwa yakiwataka watumishi wa umma wanaoomba kada nyingine wapitishe barua zao kwa waajiri wao. Mstari wa "K.K." (kupitia kwa) unaofuata anwani ya mpokeaji unataja njia ambayo barua inapita, na mwajiri anayetajwa hapo hawi mpokeaji. Salamu, kichwa cha habari na kila neno la barua humlenga Katibu aliye juu ya mstari huo. Mwajiri wako anapitisha tu, kwa sahihi na mhuri wake.

Dhana: Kampuni isipojitaja, lazima uibahatishe.

Baadhi ya kampuni hutangaza kupitia wakala wa ajira, na wakala hulificha jina la mteja wake kwa makusudi. Mwandikie wakala huyo, kwa cheo cha meneja wake wa ajira au kwa "Ndugu" tu, na uliache jina la mwajiri uliyemkisia nje ya barua. Hata ukipatia, umeonyesha kwamba ulichofichwa umekwenda kukichokonoa.

Dhana: Maombi ya mtandaoni hayahitaji anwani ya mpokeaji.

Kwenye mfumo wa maombi unajaza fomu, lakini barua unayoipakia humo bado ni barua rasmi yenye anwani mbili, tarehe, kichwa cha habari na sahihi, na matangazo ya serikali hukumbusha kila mara kwamba barua iwe imesainiwa. Andika, chapisha, saini kwa kalamu, changanua kwa skana, ndipo upakie. Kwa barua pepe, barua kamili iwe kwenye kiambatisho. Ujumbe wenyewe uwe na salamu fupi, jina la nafasi na idadi ya viambatisho, na kisanduku cha mpokeaji kiwe na anwani moja tu.